Korongo Nyuma ya Chumba cha Gurudumu

"Na hilo furushi jingine nalo silibebi, nishasema. Bebeni wenyewe mliozaa."

Gurudumu alikuwa kashika kiuno mlangoni kwa Mama Pacha, na ugomvi huo alikuwa kaubeba tangu nyumba ya kwanza ya mtaa. Nyuma yake mkokoteni umelala upande kama mzee mwenye nyonga mbovu. Gurudumu lenyewe ni jina la kupewa. Gurudumu la kushoto la ule mkokoteni linalia njia nzima, ukilisikia unajua ni kutoa taka. Jina alilopewa na mama yake, pale mtaani alikuwa analijua mtu mmoja tu, na huyo alishahama.

"Kijana, leo umeamkia upande gani?" Mama Pacha akamuuliza, mtoto mmoja kiunoni, mwenzake kang'ang'ania gauni. "Wewe kazi yako taka. Hizo pampasi ni nini, maua?"

"Hayo ni mawe, dada. Pampasi ikilowa inakuwa nzito kuliko aliyeivaa."

"Basi kazichome."

"Haziungui. Zinafoka moshi tu, kama mimi."

Mama Pacha akacheka mpaka mtoto wa kiunoni akacheka naye. Gurudumu hakucheka. Akalivuta furushi, akalitupa juu ya mkokoteni, akaondoka. Ndivyo alivyo, mdomo moto, mikono mipole. Mtaa mzima unajua.

Kazi yake ina mpangilio wake. Chupa za plastiki anampelekea mwenye mizani. Makopo na vyuma, mtu wa chuma chakavu. Mabaki ya chakula yana mfuga nguruwe wake anayeyasubiri kama barua ya mchumba. Makaratasi yanachukuliwa. Kila taka ina mwenyewe, isipokuwa nepi za kutupa. Hizo hata mbwa akizichana anajuta. Haziuziki, haziozi, na mvua ikinyesha zinavimba. Kwa hiyo zote anazimwaga korongoni.

Na korongo liko nyuma ya chumba chake.

Chumba alichagua mwenyewe. Alipoanza kazi aliona ni ujanja: amwage mzigo, apige hatua mbili, ameingia ndani. Wenzake wanasukuma mikokoteni mitupu kurudi makwao, yeye kashavua viatu. Mama mtoto wake alipohamia pale na ujauzito, korongo bado lilikuwa shimo, ukitulia unasikia maji yanapita chini. Mtoto akazaliwa. Akaota meno. Na lile rundo nalo likawa linakua, likafika usawa wa dirisha. Inzi wakawa wanaingia bila hodi. Mtoto akaharisha, akapona, akaharisha tena.

Siku mama mtoto alipofunga mizigo hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomuuma Gurudumu, maana kelele anajua kuzijibu.

"Hapo nyuma pakisafishika nitarudi," alisema akikunja nguo za mtoto. "Siwezi kulea mwanangu juu ya mavi ya watoto wa watu."

Akaenda kwa mama yake, mtaa wa pili.

Tangu hapo chumba kikawa kikubwa. Beseni la mtoto linaning'inia ukutani kwenye msumari wake, halijaguswa. Gurudumu anakula kasimama, sufuria mkononi, maana kukaa peke yako kwenye mkeka wa watu watatu ni kazi. Barabarani watu wanamsalimia kwa kidevu, kwa mbali, wengine wameshika pua. Akirudi anaongea na mkokoteni. Anautukana, halafu anauomba radhi. Ukifika mahali huna hata mtu wa kukwambia kaoge, unanuka, jua umebaki peke yako.

Sasa kuna mzee mmoja naye wa mkokoteni, ndiye anayebeba taka za mtaa wa pili. Mgongo ukamkamata. Akamwomba Gurudumu amshikie njia yake. Gurudumu akakubali, maana njia ile inapita kwa mama mkwe.

Akagonga geti.

"Nani?" sauti ya mama mkwe kutoka ndani.

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani, yule wa taka?"

"Ndiyo, mama. Yule wa taka."

"Mfuko uko hapo kando. Mwenzio kaenda kazini, mtoto amelala. Usigonge tena utamwamsha."

Akauinua mfuko. Alijua kwa uzito tu, kabla ya kunusa. Alipoumwaga korongoni ukapasuka, zikaporomoka pampasi zimekunjwa vizuri, moja moja, jinsi mama mtoto anavyokunja kila kitu. Katikati yake kikaanguka kisoksi cha njano kimetoboka kidole gumba. Alikinunua yeye.

Akakaa juu ya mkokoteni. Amewatukana kina mama wa mitaa yote. Amewaita wavivu, amewaita wachafu, Mama Pacha kamfokea mbele ya wanawe. Nyani haoni kundule. Mzigo unaomzuia mwanawe asirudi nyumbani, na wa mwanawe umo, na kauleta yeye kwa mkokoteni wake, kaumwagia dirishani kwake.

Ndani kulikuwa na shuka la pamba lenye maua ya bluu, lile walilotandika siku mama mtoto alipohamia. Akalitoa kitandani. Akachukua na taulo kuukuu, akaenda kwa fundi cherehani.

"Unataka mapazia?" fundi akauliza.

"Nepi."

Fundi akasimamisha mashine. "Za nani?"

"Zangu."

"Pole sana. Na bado kijana."

"Shona, fundi. Sijaja kuchekeshwa."

Fundi akashona. Shuka nje, taulo ndani, vifungo pembeni. Jioni Gurudumu akaoga mara mbili, akazipeleka. Mama mtoto alikuwa kakaa kizingitini na mtoto mapajani. Akazigeuza zile nepi, akalitambua shuka.

"Nani atafua?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mikono hii imeshika za mji mzima. Za mwanangu ndiyo nizionee kinyaa?"

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Atafua wiki hii. Wiki ijayo mtamtafuta kwa tochi."

Alifua. Kila jioni, baada ya kuoga. Mara ya kwanza akataka sifa, akamimina ile dawa ya kulainisha nguo yenye marashi, nusu chupa. Nepi zikanukia kama bibi harusi. Kesho yake mtoto akamlowanisha bibi yake toka goti mpaka kifundo.

"Mkwe," mama mkwe akamwita kwa upole wa kutisha, "umefua nepi au umezipaka mafuta? Hizo dawa zinaziba kitambaa, mkojo hauingii. Sabuni ya kawaida, suuza sana, anika juani. Na choo kikubwa kinakwenda chooni kwanza, kisha ndiyo ndoo. Hata hilo nikufundishe?"

"Nifundishe, mama."

Akafundishika. Kwenye kamba ya uani pale maua ya bluu yakawa yanapepea, na mfuko wa taka wa nyumba ile ukawa unainuliwa kwa vidole viwili. Jioni moja alikuta kuna kigoda kimewekwa kando ya beseni la kufulia. Hakuna aliyesema ni cha nani. Mtoto akatambaa, akamshika kidole gumba chenye povu, asikiachie. Gurudumu akasahau kufua.

"Mtarudi lini?" akamuuliza mama mtoto.

Yule akaangalia kamba. "Korongo limepungua?"

"Zetu hazimo tena."

"Sikuuliza zetu."

Gurudumu akajua mama mtoto anasema kweli. Akamalizia kufua, akaanika, akarudi chumbani kwake. Alitandika gunia. Dirisha hafungui.

Asubuhi akapita kwa Mama Pacha, safari hii bila kufoka. Akampa nepi mbili za bluu kama sampuli.

"Haya, nitafikiria," Mama Pacha akasema, na furushi lake liko palepale mlangoni. Gurudumu akalibeba.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba moja imetoka kwenye lile rundo, zilizobaki zinamwaga kila siku, na kuna mtu anakula kasimama kwa sababu hiyo. Sasa wewe unayesoma, una mtoto mchanga hapo ndani, na mashuka makuukuu unayo, usinidanganye. Yakate, mpelekee fundi. Baba, fua, wewe si bora kuliko Gurudumu. Kama safari na usiku vinakushinda, anza na za mchana ukiwa nyumbani. Lakini anza leo, na hilo furushi la mlangoni lisiwepo akipita tena.