Injini Iliyobaki Kwenye Pipa

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za maboti hapa Kalemie, na simu yake ilijaa video za injini za watu wengine. Aliyoipenda kuliko zote ilitoka kiwanda fulani cha Ulaya kinachotengeneza magari ya mwendo mkali. Niliiona mara nyingi hata ningeweza kuisimulia usingizini. Injini imefungwa kwa boliti juu ya meza ya chuma, haina gari, haina tairi, haina hata usukani. Imeunganishwa na breki kubwa inayoikaza, ili ifanye kazi kana kwamba inapanda mlima na mzigo mgongoni. Wanaikanyagia mafuta mpaka bomba la moshi linakuwa jekundu kama mkaa jikoni, kisha wanaipitishia maji baridi ghafla waone kama chuma kitapasuka. Watu wako nyuma ya kioo. Ndani ya chumba injini iko peke yake.

"Hawaioneaki huruma," alikuwa akiniambia. "Wanaitesa wao kwanza, ili barabara isiitese."

Mwisho wanaifungua, wanapanga vipande mezani, wanapima kila kimoja kimelika kiasi gani. Nilimuuliza ile injini inaenda wapi baadaye. Akasema haiendi popote, kazi yake imekwisha. Nilikasirika, sijui kwa nini. Imekimbia safari yote hiyo bila kutoka chumbani, na shukrani yake ni kupasuliwa tumbo.

Yeye naye alijitungia majaribio yake. Injini aliyoifufua ilikaa kwanza ukingoni mwa pipa la maji uani, pangaboi lake likiwa majini, ikinguruma polepole mchana kutwa huku yeye ameketi pembeni. Halafu aliipeleka ziwani kwenye boti lililojazwa mifuko ya mchanga, akaikaza mpaka aridhike. Mteja hakupewa injini ambayo haijabeba mchanga. Wengine walinung'unika, lakini mume wangu alikuwa na kichwa kigumu.

Injini yake ya mwisho ilikuwa ya mchuuzi mmoja wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka upande wa Moba. Ilimaliza jaribio la pipa. Kabla ya mchanga, presha ilimwangusha mume wangu, na hakuamka tena. Mwenye injini alituma pole, na habari kwamba mawimbi yamevunja boti lake, anaunda jingine, nimtunzie.

Watoto walikuja kuzika, wakarudi Lubumbashi kwenye kazi zao. Nikabaki na injini.

Mume wangu alisema siku zote kwamba motere, yaani injini, ikilala sana inakufa. Kwa hiyo kila Jumamosi nikitoka sokoni nilijaza pipa, nikavuta kamba, nikaiacha ingurume. Mara ya kwanza jirani alichungulia juu ya ua, akaniona, akarudisha kichwa. Nilijua alichokuwa akitafuta, maana hata mimi nilikuwa nikikitafuta. Sauti ile ikijaa uani, nyumba ilikuwa na mtu. Nilipepeta mchele nimeipa mgongo, nikaipigia domo la sokoni: nani ameolewa, nani hana haya. Ikizimika, ukimya ulikuwa mzito kuliko ule wa mwanzo, na bado Jumamosi iliyofuata nilivuta kamba tena.

Kiangazi hiki mwenye injini akatokea mlangoni, boti lake jipya liko ufukweni. Mtu wa heshima, kofia ameivua.

"Mama, pole sana. Nimekuja juu ya ile motere."

"Papa, haiyabeba muzigo," nikamwambia. "Hakufikia kuimaliza."

"Basi tutaibebesha leo. Lakini ni wewe unajua sauti yake. Mimi sitaijua. Twende wote."

Sikuwa nimekanyaga boti tangu mazishi. Tukajaza mifuko ya mchanga, nikaketi karibu na injini, naye akaiachia mafuta yote. Bandari ikawa ndogo nyuma yetu.

Hapo nikasikia sauti ambayo uani sikuwahi kuisikia. Ilikuwa nzito, ya kifuani, sauti ya kitu kilicho kazini. Kwenye pipa ilikuwa ikizungusha maji tu. Muda wote ule nilikuwa nimekaa na injini isiyobeba kitu. Nasema ukweli, niliomba ikohoe. Ikohoe mara moja tu, irudi uani kwangu. Yenyewe ikazidi kukaza mwendo.

Yule Papa akapunguza mafuta, akanigeukia.

"Mama, unasikia nini? Nitapandisha watu humu, si ndagala tu. Kama kuna kitu, uniambie tu, nitairudisha kwako."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Uongo wa neno moja, na hakuna ambaye angenipinga, kwa kuwa mtu mwingine aliyeijua injini ile yuko makaburini. Nikasikiliza tena, nikatafuta kasoro kama mtu anayetafuta pete iliyomdondoka. Haikuwepo. Ilikuwa kazi ya mume wangu, safi, kama alivyoiacha.

"Iko muzuri, Papa," nikasema. "Beba watu wako."

Akanirudisha ufukweni, akanishukuru kwa mikono miwili. Asubuhi iliyofuata niliisikia kutoka uani ikielekea kusini. Nikasimama kuisikiliza mpaka nikawa sijui kama bado naisikia au naikumbuka tu.

Jumamosi nikatoka sokoni, nikateka maji ndoo kwa ndoo, nikajaza pipa mpaka juu. Ndipo nikakumbuka. Kuyamwaga maji niliyoyabeba kichwani sikuweza. Nikatoa nguo zangu ndani, nikazifua humo. Zilikuwa chache, zikaisha upesi.