Enspektere alikatala kushuka mu motokari

Bandugu, munisaidie kukasirika.

Serikali ilipatia chama yetu ya bamama musaada ya mashini ya kushona, tutumikie kwetu Kasulo. Kisha manyumba ikaanza kuanguka mu mashimo ya cobalt. Serikali ile ile ikatufukuza! Tukahamia Kapata na mashini yetu.

Leo enspektere wa ule musaada anafika: "Mulibunja kontra: ilisema mutumikie Kasulo. Murudishe mashini Kasulo."

Murudishe! Mu shimo?

Avoka wetu, mwenye tuliita atutetee, akasema tu: "Tata, twende tuone kwanza."
Mi damu ikachemuka. Avoka gani huyu?

Tukafika Kasulo. Enspektere akakatala kushuka mu motokari.

"Hapa batu habawezi kutumika, udongo itaanguka!"

Avoka akamupa biki: "Asante, tata. Andika vile vile ulisema."