Mama Alipotia Komeo

Mwanangu, nimekusikia jana ukiwasifu walinzi wa mtaa wenu kwamba hawaulizwi kitu na mtu, eti mpaka hatari ipite. Nikanyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Leo wageni wameondoka. Kuna siku haijanitoka kichwani, adhuhuri ya kiangazi, baragumu la hatari lilipolia hapa kijijini kwetu, nyuma ya Msambweni, mama yangu akakimbilia mlango na kutia komeo. Aliyelipuliza alikuwa mwanawe wa kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Ng'ambo ya mto walikaa watu waliokuwa wakituibia ng'ombe, na hizo hazikuwa porojo, kwani walikuwa wamekwisha kumuua mchungaji wetu mmoja. Askari wengi wa serikali walikuwa wamepelekwa bara kwa ile hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni. Basi wazee wakateua vijana wa kulinda kijiji kwa pinde na mishale, wakamfanya kaka yangu Salimu kuwa mkubwa wao. Nilijivuna mno, nikawa nampikia uji kila alfajiri.

Mwanzo waliomba kuku wa doria. Baadaye wakaacha kuomba. Wakawa wanapuliza baragumu, watu wakitoka nje wameshtuka, wao wanaingia uani kuchagua mbuzi. Aliyelalamika aliambiwa ni jasusi wa ng'ambo. Fundi Juma, mshonaji, mtu asiyeweza kumkemea hata paka, alichapwa mbele ya wanawe kwa kuuliza mbuzi wake kaenda wapi.

Mzee Mwinyihaji, mkubwa wa wazee wa kijiji, akawaita barazani. Akataka walinzi waje kila Ijumaa baada ya sala kueleza walichokifanya, anayedhulumu avuliwe upinde, na baragumu likae kwa wazee.

"Babu, kwa heshima yako," Salimu akajibu, "adui yuko mtoni. Tuache kulinda tuje kuhojiwa kama wezi?"

Wazee wakatazamana, wakasema labda tungoje kwanza adui aondoke. Adui gani huyo wa kuondoka, jamani? Kwani mto ungehama? Nikikumbuka kikao kile mpaka leo napandwa na hasira, na sijui nani alinikera zaidi, kaka yangu kwa kiburi chake au wazee wale kwa woga wao.

Ndipo ikaja adhuhuri hiyo. Baragumu likalia, likalia tena. Mama nami tulikuwa kimya ndani, mbuzi wetu tumemsukumia uvunguni mwa kitanda, nimemshika mdomo asilie. Kijiji kizima kilijifungia. Kumbe wezi walikuwa wamevuka kweli, na vijana wetu wamesimama peke yao kivukoni wakiita watu ambao hawakutokea. Ng'ombe wote walichukuliwa. Salimu aliletwa nyumbani amebebwa kitandani, paja limechomwa mkuki.

"Mama," akasema huku analia, "hukujua kuwa ni mimi niliyekuwa nikiita?"

"Nilijua, mwanangu," mama akamjibu. "Ndiyo maana nilitia komeo."

Mzee Mwinyihaji alikuwa amesimama pale pale, ameinamisha kichwa. "Usimlaumu mamako, Salimu," akasema. "Na wala kosa si lako peke yako. Sisi ndio tuliokupa upinde, kisha tukaogopa kukuuliza."

Ijumaa iliyofuata walinzi walikaa barazani, wakaulizwa mmoja mmoja mbele ya watu wote, na adui bado yuko ng'ambo. Wengine walinuna. Wawili walivuliwa pinde. Salimu alipelekwa akiwa amelala kitandani vile vile, akamwomba Fundi Juma radhi. Baragumu lilipolia tena, msimu wa mvua, mpaka sisi wanawake tulitoka na michi, na wezi walirudi walikotoka mikono mitupu.

Sasa wewe unaniambia habari ya kuwauliza walinzi ingoje hatari ipite! Mwanangu, mwenye silaha aulizwe wakati hatari ipo, kwa kuwa ndio wakati anapowahitaji watu nyuma yake. Ukimwachia leo kwa kumwogopa adui, kesho utamwogopa yeye, na adui atawakuta mmeshagawanyika. Muulizeni hadharani, kwa adabu, bila kuchoka. Akikasirika, muulizeni tena.

Mola awape walinzi wenye haya, na wewe akupe ulimi usiotetemeka mbele yao. Amin.