Spika za Mama Mkunga

Kaka yangu hufunga redio za magari, mimi hushona viti vya magari hayohayo, na karakana zetu zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Kila akimaliza kazi humketisha mteja kwenye usukani na kumwambia, "Washa, usikilize mwenyewe. Mimi nina mikono tu, masikio ni yako." Wateja hucheka, humsifu kwa unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Kaka ana miaka mitatu hasikii vizuri, na kumbe alikuwa anasoma nyuso zao.

Nilimwambia mara moja tu, "Kaka, twende ukapimwe masikio." Alininunia wiki nzima, hata salamu akawa ananiletea kupitia kwa shemeji, utadhani hatukunyonya ziwa moja. Nami nikaapa sitafungua mdomo tena. Kwa kiburi, nyumbani kwetu hatujambo.

Ndipo mkunga mstaafu alipoleta gari lake la zamani, limeng'arishwa mpaka ukiinama unaona mapengo yako. Redio ilikuwa imekufa.

"Weka mpya, mwanangu, lakini sura ya dashibodi ibaki ilivyo," alisema. "Na spika za nyuma usiziguse. Zilikuja na gari, siku hizi hazipatikani popote."

Siku mbili kaka aliinamia meza, akitoa utumbo wa redio mpya na kuupachika ndani ya ganda la ile ya zamani, ili vitufe vilevile vibonyezwe na mshale uleule utembee kwenye namba. Mafundi wengine wangeikata dashibodi kwa msumeno na kwenda zao kunywa chai. "Hii ikiharibika, nafunga karakana," aliniambia, akacheka. Mimi sikucheka, maana najua akitania na asipotania.

Asubuhi ya tatu mkunga alichelewa. Kaka uvumilivu ukamshinda, akaiwasha mwenyewe. Nikiwa upande wangu wa ukuta wa mbao nilimsikia mtangazaji akisoma habari, neno kwa neno, safi kabisa, na moyo wangu ukatulia. Kisha sauti ikapanda. Ikapanda tena. Spika zile ni za karatasi, na redio mpya ina nguvu mara nyingi kuliko ya zamani. Fundi yeyote anajua kwamba swichi ya sauti huizungushi zaidi ya robo. Lakini kaka alikuwa anaitafuta sauti, na haikumfikia. Mtangazaji akaanza kupiga kelele, akakwaruza, akapasuka. Nami nimekaa na sindano mkononi, najiambia kwamba mwenye kazi anaijua kazi yake. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa kununiwa.

Mkunga alipofika nilitoka nikasogea karibu na gari, na kaka akamketisha kwenye usukani kama kawaida. "Mimi nina mikono tu, mama." Akawasha. Ilitoka sauti kama ya gunia la kokoto linaloburutwa sakafuni. Mama wa watu alinitazama mimi, juu ya bega la kaka, kisha akamwinulia kaka dole gumba. Miaka yote ile ya kuwapa watu habari mbaya, na hii ikamshinda.

Kaka hakudanganyika. Alizunguka nyuma, akapenyeza mkono chini ya kava, akaipapasa spika ya kwanza, kisha ya pili. Nilikiona kidole chake kikipita kwenye karatasi na kutokea upande wa pili.

Akaja akasimama mbele yangu, karibu sana, aone midomo.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, kaka."

"Tangu mwanzo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alirudi mezani kwake, akaanza kuzifunga bisibisi zake kwenye kitambaa, moja baada ya nyingine, ndogo kwanza. Mkunga bado alikuwa kwenye usukani, redio inakwaruza, na hakuna aliyekwenda kuizima. Nilimwomba radhi. Nilimwomba mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa. Lakini alikuwa amenipa mgongo, na ukimsemesha kaka akiwa amekupa mgongo, hasikii.