Wimbo Niliomnyang'anya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya pale Nyakatuntu alikuwa na sauti nzuri, nywele zilizojaa mafuta, na tabia ya kupata maono kila alipoishiwa nyimbo. Mimi nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni upande wa Nyakasimbi. Likizo nikirudi nyumbani Nyakatuntu, niliimba sauti ya pili, mstari wa nyuma karibu na mlango, wanakowekwa wanaocheka watu wakisali.

Wimbo wenyewe niliutunga kwa gitaa la kaka yangu. Kaka alikuwa utingo wa lori la kahawa, na siku moja alirudi nyumbani na kaseti ya muziki wa kantri ambayo aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Kiingereza chake hatukukielewa vizuri, ila kilio tulikielewa. Mwanamume anaimba polepole, anamlilia mama yake, halafu katikati gitaa linashuka na yeye anaacha kuimba, anaongea tu, kama mtu anayekusimulia mkiwa jikoni. Nikasema, hiki ndicho ninachokitaka. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na tulimzika kibanjani, katikati ya migomba. Nyimbo zetu zote za kifo zilikuwa na tarumbeta na malango ya dhahabu. Migomba haikuwemo hata katika mmoja.

"Bwana, nishike, jembe lake ni zito," ndivyo kiitikio kilivyokwenda. Katikati nikaweka maneno ya kuongea: alivyonibeba mgongoni akipalilia kahawa, alivyonifinya sikio nikisinzia kanisani, na majani makavu ya migomba yanavyomfunika sasa.

Nikampelekea mwalimu daftari, nikamwimbia mpaka mwisho.

"Ni mzuri, mdogo wangu," alisema. "Lakini msichana kushika gitaa mbele ya madhabahu, wazee watasemaje? Niachie daftari nikaliombee."

Aliliombea wiki mbili. Ya tatu akasimama mbele yetu na gitaa, macho kafumba.

"Wapendwa, nilikuwa kwenye mfungo. Siku ya tatu Bwana akanipa wimbo huu, kuhusu mama yangu mzazi, aliyelala."

Akauimba wote. Hata sikio kufinywa hakubadilisha. Akina mama wa sauti ya kwanza wakalia mpaka mazoezi yakasimama.

"Mwalimu," nikasema, "huo si wimbo wangu?"

"Wimbo ni wa Bwana, binti. Wewe ndiye Roho Mtakatifu?"

Wakacheka. Kwenye ile kwaya mchekeshaji ni mimi. Kuchekwa sikuwa nimezoea.

Angenyang'anya wimbo tu, pengine ningenuna likizo nzima yakaisha. Lakini yule alijitwalia kaburi la mama yangu akalilia juu yake. Na huyo mama yake mzazi, aliyelala, mimi nilikuwa namfahamu. Alituuzia ndizi mbivu kwenye geti la shule, na huwezi kupewa chenji kabla hujasikia habari za mwanawe, mwalimu wa kwaya kule Nyakatuntu, ambaye hajaja kumsalimia tangu Krismasi ya juzi kwa sababu kazi za Mungu ni nyingi.

Shule zikafunguliwa. Kwaya zote zilikuwa zikutane kanisani Omurushaka Jumapili ya pili. Nikaenda getini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unataka ngapi?"

"Leo nimekuletea habari. Mwanao anaimba wimbo wa mama yake. Jumapili, Omurushaka."

Akatua beseni. "Wangu mimi?"

"Kila anayeusikia analia, bibi."

Sikudanganya hata neno moja. Pimeni wenyewe.

Jumapili nikaomba ruhusa shuleni, nikamkuta kituoni na kitenge kipya na kuku wa kumzawadia mwanawe. Njia nzima alimwambia kondakta kwamba anakwenda kuimbwa. Hapo nikataka kumwambia ashuke. Halafu nikakumbuka sikio langu kinywani mwa yule bwana, nikatazama dirishani.

Nilimkalisha benchi la pili, nikaenda kusimama na kwaya yangu. Mwalimu hakumwona, alikuwa amefumba macho, kama kawaida yake akitaka kupendeza. Gitaa likashuka. Akaanza kuongea.

"Mama yangu mzazi... majani makavu ya migomba yanakufunika..."

"Nani kafunikwa?"

Bibi alikuwa amesimama. Kuku alishamponyoka, anakatiza katikati ya wachungaji.

"Mwana wange, nimekufa lini? Mbona sikualikwa?"

Mwalimu alifumbua macho. Sijawahi kuona macho makubwa namna ile.

"Mama, huu... ni wimbo tu."

"Wimbo! Umesema mama mzazi, nimesikia na hawa wamesikia. Unaniombea nife ili upate pa kulilia?"

Kwetu, ukimzika mzazi aliye hai kwa mdomo, hakuna anayekuchekea. Wazee walianza kusonya. Mpiga ngoma alisogea pembeni, kama vile laana ingeweza kumrukia na yeye.

"Si wangu, mama!" mwalimu akapiga kelele, mdomo bado uko kwenye kipaza sauti. "Ni wa yule pale, mstari wa nyuma! Mama yake ndiye aliyekufa! Mimi nilichukua daftari tu!"

Kipaza sauti kilifanya kazi vizuri sana siku ile. Walisikia hadi wauza maharage ng'ambo ya barabara.

Bibi akanigeukia. Nikaona anaunganisha geti, basi na benchi la pili.

"Kumbe ulijua nimezikwa, ukanileta nijionee?"

"Nisamehe, bibi."

"Nitakusamehe baadaye. Chukua gitaa."

Mwalimu alinikabidhi mwenyewe. Mzee mmoja akafungua mdomo kuhusu wasichana na madhabahu. Bibi akamwangalia, akaufunga.

Nikauimba wote, na katikati nikaongea, polepole, nikimtaja mama yangu mimi. Watu walilia, hata mzee yule. Mimi sikulia. Mwalimu alikuwa amekaa chini, miguuni kwa mama yake, na nilimkazia macho tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, nisije nikapitwa na kitu.