Jino Lililokosa Nyumba

Jino lilitoka kwenye mawe ya kujengea. Lori lilimwaga mawe ya msingi wa darasa jipya karibu na kwetu Malindi, nami nilikuwa na tabia ya kupekua kila rundo la mawe mageni. Mawe yetu ya pwani ni matumbawe meupe. Haya yalitoka machimbo ya Kambe, upande wa bara. Yalikuwa ya kijivu, mazito, udongo wa bahari ya kale mno uliogeuka jiwe. Katika jiwe moja, kando ya makombe yaliyogeuka mawe, ilichomoza ncha nyeusi iliyopinda kidogo, yenye mistari myembamba.

Nilijua ni la jamaa wa nani: wa mamba. Mjomba wangu alifua mashuka katika hoteli moja ya Bofa, na wageni wakiondoka aliniletea vitabu walivyoviacha. Kimoja kilikuwa cha Kijerumani, cha wanyama waliokwisha duniani. Sijui Kijerumani. Nilikisoma kwa kamusi ya kuazima, neno kwa neno, mpaka jalada likang'oka.

Humo nilijifunza kwamba jamaa wa mamba walioishi baharini walikuwa wa nyumba mbili, yaani koo mbili. Wa kwanza walivaa magamba ya mfupa mgongoni, wakawa na pua ndefu nyembamba, na wengi wao walikaa karibu na ufuo. Wa pili waliyaacha magamba, miguu ikawa makasia, na mkia ukapinda chini kubeba pezi. Hao walikwenda bahari kuu. Nyumba zote mbili zilikwisha bila uzao. Mamba wa mto Sabaki si wajukuu wao, ni binamu wa mbali.

Mwalimu wa sayansi wa skuli ya jirani alisikia habari za jino, akaniomba nilipeleke kwenye maonyesho yao, na kadi yenye jina la mnyama. Tangu hapo sikulala vizuri. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea, na niliamini kwamba nikiandika jina lisilo sahihi mbele ya watu waliosoma, hakuna atakayenisikiliza tena. Nikaandika kadi, nikachana, nikaandika nyingine. Kitabu kilisema wazi: jino moja mara nyingi halitoshi kumtambua mnyama. Fuvu hupatikana huku, uti wa mgongo kule, na kati yao hakuna kitu. Wiki ya maonyesho ilipofika nilikuwa nimeamua kumwambia mwalimu kwamba jino limepotea.

Wiki hiyo hiyo dada yangu aliolewa. Mama mkubwa ndiye aliyepokea wageni wanawake mlangoni na kuwakalisha, wa upande wa baba mkeka huu, wa upande wa mama mkeka ule. Mimi nilikuwa nyuma yake na sinia ya vikombe. Akaingia mwanamke mmoja kutoka Mambrui ambaye hakuna aliyemjua.

"Karibu, bibi. Upande wa mama au wa baba?"

"Mimi ni jamaa."

"Jamaa ni wote leo. Hata waliofuata harufu ya biriani."

Yule mwanamke akacheka. "Marehemu mama alinambia sisi na nyinyi ni damu moja. Alinieleza ni kwa njia gani, lakini nilikuwa mdogo, sikushika."

Mimi nilitoka jasho kwa niaba yake. Ningekuwa yeye, ningerudi Mambrui.

"Hebu cheka tena," mama mkubwa akasema, akamtazama meno. "Mwanya huo ni wa kwa mamangu. Mkalishe upande wa mama."

"Wakiniuliza ni nani wetu, niseme nini?" nikamuuliza mama mkubwa.

"Sema ni wetu. Kama ni binamu au ni nani, tutajua wakija wazee wetu wa Lamu, wao ndio wanaojua nasaba. Kwani wali utangoja?"

Nilimkalisha. Hakuna aliyeuliza. Alikula, akaimba kuliko wote.

Kesho yake niliandika kadi moja tu: *Jino la jamaa wa mamba wa baharini. Nyumba yake haijajulikana.* Hiyo sikuichana.

Mwalimu aliisoma mbele ya wanafunzi wake. "Haijajulikana? Sasa umetuletea nini?"

"Nimeleta kinachojulikana, mwalimu. Jino ni la jamaa wa mamba, na makombe haya yanasema alikufa baharini. Likipatikana gamba au mfupa wa mkia, tutajua tumweke wapi."

Alilishika jiwe, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nalo mpaka wanafunzi wakaanza kusukumana.

"Na huo mfupa wa mkia," akauliza, "utaokotwa na nani?"

Lori liliporudi Kambe nilikuwa nimekaa mbele kati ya mwalimu na dereva, nyundo mapajani. Wa Lamu hawajaja mpaka leo. Yule mama wa Mambrui amekwisha kualikwa harusi nyingine mbili.