Korosho zangu za kopo na karanga za baba mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Haya yalinikuta mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Ilikuwa Tukuyu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nimetoka chuo kikuu juzi, najua kila kitu.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Mwezi wa sita, uzito haupandi. Nesi wa kliniki akasema mwezi ujao tukirudi vilevile, anamwandikia kwenda kulazwa Mbeya. Ale maharage, mboga, karanga.

Karanga za sokoni, mimi na digrii yangu? Nikaenda dukani kwa Bwana Salumu, ambaye wazee wake walitoka Lindi, nikachukua korosho za kopo, mali ya ng'ambo.

"Mwalimu," akaniambia, "hizi zimetoka kwetu Lindi, zikapanda meli, zikarudi na kopo. Zimetembea kuliko wewe."

Mke wangu akaonja mbili, chumvi ikamshinda. Nikamaliza kopo mwenyewe. Uzito ulipanda, ila wangu.

Habari zikamfikia baba yangu kijijini, Mpuguso. Sasa, kwa wasio wa kwetu: kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikaribiana, binti anaacha njia.

Basi mzee alikuwa anasimama nyuma ya migomba, anakohoa, mke wangu anaingia ndani, yeye anaweka kikapu cha karanga na kuondoka. Zimemenywa, zimechambuliwa moja moja, yenye ukungu huioni. Mke wangu akazichemsha, akala, zikakaa tumboni.

Ningenyamaza hapo. Lakini Jumamosi moja nikamshika mzee mkono, nikamwingiza mpaka sebuleni, nikihubiri kwamba mila hizo zimepitwa na wakati.

Mke wangu akajifunika khanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikaa kwenye mvua nyuma ya jiko mpaka mzee alipoondoka.

Mlangoni baba aliniambia kitu kimoja tu. "Umemwaibisha anayembeba mjukuu wangu."

Wiki mbili hakuna kikohozi, hakuna karanga. Nikanunua za sokoni, mke wangu hakuzigusa. Siku ya kliniki inakaribia, na mimi ndiye niliyekata njia ya chakula.

Asubuhi moja nikamwona mke wangu anaosha kile kikapu. Akatia ndizi mbivu, akakiweka migombani. Mimi sikuulizwa.

Jioni kilikuwa kimejaa karanga.

Siku ya mizani nesi akatazama kadi, akataka kujua mke wangu anakula nini.

"Karanga za baba mkwe."

"Anakuletea mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ila sura yake siijui vizuri."

Nesi naye alikuwa Mnyakyusa, hakushangaa. Akaandika uzito mpya, safari ya Mbeya ikafa. Tukapata binti mwenye mashavu.

Mzee ametangulia siku nyingi. Mke wangu hajawahi kutamka jina lake, maana nalo ni mwiko, lakini kila akichambua karanga huchambua moja moja kama mzee, nami nimejifunza kutomsemesha.

Funzo: mjamzito ambaye karanga hazimdhuru, ale, zisiwe na ukungu wala chumvi nyingi, na kliniki asiache. Na wewe mume, kabla hujanunua kopo wala kurekebisha mila, muulize mwenye tumbo.

Kwenu wajawazito walilishwa nini, na nani alikileta? Andikeni, tunasoma wawili.